Mfuniko wa Tangi Hukaguliwa kwa Chini

Ukiingia duka la spea Kariakoo au Gerezani ukaulizia mfuniko wa tangi la mafuta, muuzaji atakuletea ule unaong'aa. Atauzungusha mkononi uone nembo, pengine na funguo mbili zikining'inia. Mshukuru, kisha ugeuze. Juu ni pa kushika tu. Kazi yote iko chini, na huko ndiko mfuniko mzuri unakojulikana.

Wengi huamini mfuniko upo kuzuia mafuta yasimwagike na wezi wasiyanyonye. Hiyo ni nusu ya kazi. Petroli hutoa mvuke muda wote, na tangi lililoshinda juani Dodoma hujaa mvuke unaotafuta pa kutokea. Papo hapo, injini inapoendelea kuvuta mafuta, nafasi yake sharti ijazwe na hewa. Isipoingia, pampu huhangaika na gari hukosa nguvu. Mfuniko wa gari la petroli, basi, unazuia mvuke usitoke ovyo, na pale ndani panapozidi kuvuta, unaachia hewa iingie. Ndiyo sababu mingi ina vali ndogo yenye springi katikati. Zamani palikuwa na tundu tu na mvuke ulijiendea hewani. Mambo yalibadilika pale California ilipodai magari ya mwaka 1970 yazuie mvuke huo, na Marekani nzima ikafuata kwa magari ya 1971. Siku hizi mvuke huelekezwa kwenye chombo chenye mkaa unaounyonya, halafu injini ikiwaka huuvuta na kuuchoma.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea: mifuniko miwili inaweza kuingia shingo moja ya tangi, ikakaza vizuri, na mmoja usifae kabisa. Wenye tundu la hewa ukiufunga kwenye gari lenye chombo cha mkaa, unavujisha mvuke. Uliozibwa ukiufunga kwenye tangi lisilo na njia nyingine ya hewa, unalinyonga. Kwa hiyo usiridhike na "huu unaingia, bosi". Nenda na mfuniko wa zamani, au namba ya fremu ya gari, na ulinganishe sehemu ya chini ya mifuniko yote miwili, vali kwa vali.

Sasa mpira. Huu ndio ninaoutazama kabla ya kitu kingine chochote, na mfuniko wenye mpira mbovu siuulizii hata bei. Bonyeza kwa ukucha: uzame kidogo, kisha urudi ulivyokuwa. Ukibaki na alama, umechoka. Ukikataa kuzama, umekauka. Ukunje taratibu kwa vidole na uutazame kwenye mwanga, maana nyufa nyembamba kama nywele hujificha mpaka mpira ukunjwe. Kagua pia mshono wa kiwandani. Kwenye mifuniko ya kopi mara nyingi kuna kijimstari cha mpira kilichochomoza, na hapo ndipo mvuke utakapopita.

Mpira wenyewe uwe wa kustahimili mafuta. Fundi akikuambia atakuwekea oringi ya bomba la maji kwa kuwa kipimo ni kilekile, mkatalie. Mipira mingi ya maji huvimba ikikutana na petroli. Kama una wasiwasi na oringi uliyouziwa, iloweke usiku mmoja kwenye petroli kidogo ndani ya kopo la bati, nje ya nyumba, mbali na moto. Asubuhi ikiwa imenenepa au imelegea, itupe.

Baada ya mpira, sauti. Mifuniko mingi ya kisasa hulia "ta-ta-ta" ikishakaza, ili mkono wenye nguvu usipasue thredi. Mlio huo uje baada ya mpira kukalia mdomo wa tangi, si kabla. Ukilia huku mfuniko ukicheza, umetengenezwa kuonyesha kazi, si kuifanya. Thredi nazo ziingie kwa vidole viwili bila kubishana. Za plastiki zenye vinyweleo vya kiwandani huwa zinajikwangua, na vumbi lake huangukia ndani ya tangi.

Je, wa mtumba kutoka Japani au mpya wa kopi? Mimi huchukua wa mtumba uliotoka na gari lake, kwa sharti la mpira. Plastiki ya kiwanda hudumu miaka mingi, na vali yake ilipimwa. Mpya wa kopi mara nyingi una umbo la vali bila vali, kitufe kilichochongwa kikabaki pambo. Kwa mifuniko ya kufunga kwa ufunguo, inayopendwa na madereva wa malori, kuna kipimo kimoja kizuri: ukishafunga, sehemu ya juu izunguke bure bila kukamata ya chini. Ikikamata, mwizi ataifungua kwa koleo tu. Tundu la ufunguo liwe na kifuniko chake, la sivyo vumbi la barabara litaiziba kufuli.

Kwa pikipiki hesabu ni nyingine. Mifuniko mingi ya bodaboda ina tundu la hewa makusudi, na likizibwa na tope au vumbi lililoganda, chombo huzima baada ya mwendo kidogo. Dereva akifungua mfuniko husikia "fyuu", anawasha na kuondoka, kisha kinazima tena mbele. Wako waliobadilishiwa plagi na kusafishiwa kabureta kwa ugonjwa huu. Safisha tundu kwa upepo. Usilichokonoe kwa msumari ukalipanua.

Utunzaji hauna mengi. Pangusa mpira na mdomo wa tangi kwa kitambaa safi kikavu, usipake grisi maana inakamata vumbi. Kwenye kibakuli cha shingo ya tangi mara nyingi kuna tundu la kutolea maji. Lizibue, hasa masika. Mpira unaofanya kazi huwa na alama ya duara lililotimia. Duara likikatika mahali, hapo ndipo panapovuja. Dalili nyingine iko ubavuni mwa gari: mchirizi wa vumbi lililonata chini ya kimlango cha mafuta, ambao kwenye Probox nyeupe huonekana ukiwa mbali.

Magari yaliyoundwa kwa soko la Marekani, kuanzia ya mwaka 1996, yana kompyuta ya kujikagua. Nyingi hupima uvujaji wa mvuke na kuwasha taa ya injini. Fundi akisoma kwenye kompyuta hiyo msimbo wa hitilafu P0457, unataja moja kwa moja mfuniko kulegea au kukosekana. P0455 ni uvujaji mkubwa, na mfuniko ndio wa kuanza nao kabla ya kununua kitu ghali. Ukiukaza au kuubadilisha, taa inaweza kukaa siku kadhaa ndipo izime, kwa sababu kompyuta hurudia kipimo chake kwanza. Magari mengine hayana kipimo hicho, na taa haitawaka hata mfuniko ukiwa umepasuka, kwa hiyo tumia pua na macho.

Tambara na mfuko wa nailoni si vifuniko. Tambara hunyonya petroli kutoka ndani na kuitoa nje kama utambi, na nyuzi zake huishia kwenye chujio. Mifuniko mingi hupotelea sheli, ikiwekwa juu ya pampu au juu ya paa la gari, hasa ile iliyokatika kamba yake. Kabla hujalipa, shuka uhakikishe wako umerudishwa na umelia.