Majina ya Karagwe na Kyerwa katika Ramani Huria

Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ni kazi ya watu wengi wasiojuana. Yeyote aweza kuongeza njia, kijito au jina, na programu zinazoitumikia nazo ni huria: aziwezaye aruhusiwa kuzisoma na kuzirekebisha. Nia ya makala haya ni kuupima uratibu wa kazi hiyo kwa upande wa lugha, kwa mfano wa wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, yaani Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012.

Sifa zitangulie. Programu ya Tasking Manager, itumiwayo na Humanitarian OpenStreetMap Team, huikata nchi katika miraba midogo. Mchoraji huchukua mraba mmoja, hufuatisha nyumba na njia azionazo katika picha za setilaiti, kisha mtu mwingine huikagua kazi yake. Hivyo wawili hawagombei kilima kimoja, na mchoraji aliye Ulaya aweza kuifaa Kyerwa pasipo kufika huko. Hapana shaka utaratibu huu ni mzuri.

Walakini picha ya setilaiti haina jina. Paa laonekana kutoka angani. Jina la kijiji sharti liulizwe kwa wenyeji, ambao wengi wao husema Runyambo nyumbani na Kiswahili ofisini. Mgawanyo wa miraba hausemi nani aulizwe, wala nani aamue mwandiko.

Tulitazame jina Omurushaka, njia panda mashuhuri ya Karagwe. Omu- ni kiambishi cha mahali chenye maana ya "ndani ya", na irabu o- ni sehemu yake. Mtu aliyezoea Kiswahili, ambacho hakina irabu tangulizi, aweza kuidhania pambo tu na kuandika Murushaka. Mwingine atairudisha, na jina litabadilishwa huku na huku bila mwisho. Yako pia majina yenye Ky-, kama la Kyerwa yenyewe. Kiswahili hugeuza ki- kuwa ch- mbele ya irabu, kama katika chombo na chema. Basi msahihishaji mwenye bidii kupita kiasi aweza kuandika Ch-. Kanuni yake ni sahihi, ila si ya lugha ile.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni dogo. Speke alifika Karagwe mwaka 1861, na kitabu chake cha mwaka 1863 kikamwandika mfalme Rumanyika kwa sura ya Rumanika. Ramani huria hunakiliwa upesi kuliko kitabu, kwa kuwa data yake huingia katika simu na katika programu nyingine. Mwuguzi atakayekitafuta kijiji kwa jina alilolisikia kwa mgonjwa hatakipata, ikiwa kimeandikwa kwa jina jingine.

Dawa si kuwafukuza wachoraji wa mbali. Jumuiya yenyewe ina kanuni kwamba jina kuu liwe lile litumiwalo mahali penyewe, tena ina nafasi ya jina la Kiswahili, ya lugha nyingine, na ya umbo la pili. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwaunganisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa katika kazi moja. Mfano huo wafaa kufuatwa Karagwe na Kyerwa: baada ya kuchora na kukagua, iwepo hatua ya tatu ya kusahihisha majina, mikononi mwa wasemaji wa Runyambo waijuao tahajia yake.

Vitabu vya kuwaongoza vipo. Msamiati wa Runyambo (2002) na sarufi yake (2005), vyote vya J. M. Rugemalira, vilitolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Havikukusudiwa kuwa orodha ya vijiji, lakini vyaonyesha viambishi na mwandiko. Basi kazi hii yatuhusu wanaisimu pia, nayo yapasa ianze kabla maumbo mabaya hayajazoeleka.