"Usibebe kitu maisha yote": ushauri unaohitaji kupimwa upya

Ukishafanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti na kuondolewa tezi za limfu kwapani, mara nyingi unapewa orodha ya makatazo: mkono huo usibebe ndoo, usipimwe presha, usichomwe sindano. Nia ni njema, mkono usivimbe. Lakini ushahidi uko wapi?

Mwaka 2009, Kathryn Schmitz na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la wanawake 141 ambao mikono yao tayari ilikuwa imevimba. Walionyanyua vyuma, wakianza na uzito mdogo, wakisimamiwa na kuvaa vazi la kubana mkono, hawakuvimba zaidi ya wenzao. Utafiti wa 2016 wa Boston, uliofuatilia wagonjwa 632, haukuona uhusiano kati ya uvimbe na sindano au kipimo cha presha. Uliouona ni wa maambukizi ya ngozi, uzito mkubwa na kuondolewa tezi nyingi.

Kasoro ya orodha hizi ni kutia kila kitu kapu moja. Kupimwa presha mkono wa pili hakugharimu kitu. Kuvaa glavu shambani na kuosha jeraha mapema kuna maana kabisa. Ila kumkataza mama kumbeba mwanawe milele ni gharama kubwa kwa ushahidi mdogo. Ukipewa orodha hiyo, uliza: lipi limethibitishwa, na nianze lini kunyanyua, kwa uzito gani?