Mtumiaji Asiyeulizwa: Tovuti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki Ikitazamwa kutoka Oraba

Makala haya yanahakiki dhana moja tu, dhana ya "mtumiaji", kama inavyotumika pale taasisi ya wanachama inapokusudia kusanifu upya tovuti yake. Mfano wetu ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunaitazama kutoka Oraba wilayani Koboko, kituo cha mpakani kinachotazamana na Kaya ya Sudan Kusini, katika wilaya ambamo pia, huko Salia Musala, mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Kongo hukutana. Uganda ilitia saini Mkataba wa 1999. Sudan Kusini ilijiunga 2016, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022. Ni sehemu chache ambako uanachama wa nchi tatu hugusana hivi.

Kisheria, wanachama wa Jumuiya ni nchi, na tatizo la tovuti linaanzia hapo. Yaliyomo yamepangwa kwa kufuata vyombo, taasisi na sekta: Baraza la Mawaziri, Bunge, Mahakama, forodha, miundombinu. Mpangilio huo unamfaa afisa wa wizara anayejua tayari kwamba swali lake ni la idara ipi. Mama anayevusha magunia ya maharage hana swali la idara. Anataka kujua mzigo wake utatozwa nini, karatasi gani inahitajika, na kama karatasi hiyo itatambuliwa upande wa pili. Jumuiya ina utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya watu kama yeye, yaani cheti cha uasili kilichorahisishwa, kwa bidhaa za nchi wanachama zilizo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Asiyejua kwamba cheti hicho kipo anaweza kulipa asichodaiwa, au kumlipa mtu wa kati, au kupita njia za panya na kuhatarisha mtaji wake wote.

Utafiti wa mtumiaji mara nyingi hufanywa kwa dodoso linalowekwa kwenye tovuti ileile inayotakiwa kurekebishwa. Dodoso la namna hiyo humhoji aliyekwisha kufika. Ni kama kuwauliza waliomo ndani ya nyumba iwapo mlango unafunguka. Majibu yatatoka kwa watafiti, wanahabari na watumishi wa mashirika (sisi wenyewe, tuseme kweli), nayo yatathibitisha kwamba nyaraka zinazohitajika zaidi ni taarifa na mikataba. Jakob Nielsen amepata umaarufu kwa hoja kwamba watu watano wakipewa kazi halisi ya kufanya hufichua sehemu kubwa ya kasoro za tovuti. Hoja hiyo hunukuliwa sana na wazabuni kwa sababu inapunguza gharama, lakini hutaja kwa nadra sharti lake, kwamba watano hao wawe wa kundi moja la watumiaji. Watano wa Arusha hawawezi kuwawakilisha watano wa Oraba.

Suala la gharama ya intaneti tutaligusia tu. Tangu Julai 2021 Uganda inatoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Ukurasa uliojaa picha za viongozi wakipeana mikono humgharimu mfanyabiashara kabla hajasoma neno lolote.

Suala zito zaidi ni lugha. Mkataba, katika ibara ya 137, uliitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na kutaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wakakiridhia kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa. Wataalamu wa Kiswahili tumeupokea uamuzi huo kana kwamba kilichobaki ni tafsiri. Sivyo. Kiswahili cha Nile Magharibi kimepita kambini na katika biashara ya Kongo. Kakwa, Lugbara, Kinubi, Lingala na Kiarabu cha Juba vinaishi nacho sokoni. Tuchukue neno moja la menyu, "forodha". Ni sanifu, na halina kosa. Lakini Mganda aweza kusema "kastomu", aliyetoka Kongo amezoea "duane", na mwenye Kiarabu cha Juba ataelewa upesi "jamarik". Mtafsiri aliyeketi ofisini hatalijua hilo; atalijua anayewapa watu kadi zenye maneno, akawaomba wazipange wanavyoelewa, kisha akanyamaza. Kadi zenyewe zisomwe kwa sauti pale inapobidi, kwani si kila mvushaji husoma.

Huenda ikajibiwa kwamba tovuti ya Sekretarieti haikukusudiwa mfanyabiashara mdogo, na kwamba yeye ahudumiwe kwa njia nyingine, kama jukwaa la Sauti linavyofikisha taarifa za biashara ya mpakani kwenye simu za kawaida. Pingamizi hili tunalichukulia kwa uzito, na huenda ni sahihi. Hata hivyo, Mkataba huohuo, katika ibara ya 7, unataja ushirikiano unaowalenga watu kuwa miongoni mwa kanuni za uendeshaji. Kama tovuti ni ya maofisa, hadidu za rejea za mzabuni zitamke hivyo waziwazi, neno "wananchi" liondolewe katika malengo ya mradi, na sehemu ya bajeti ihamishiwe kwenye ubao wa viwango vya ushuru uliobandikwa Oraba, pamoja na mtu wa kuueleza kwa Kakwa na kwa Kiarabu cha Juba.