Jicho la Kumtambua Nondo

Nondo wa kiwavijeshi vamizi hana sura ya kukumbukwa. Mabawa yake ya mbele ni ya kijivu na kahawia; dume ana baka jeupe kwenye ncha ya bawa, jike hana hata hilo. Akitua ukutani penye taa, hufanana na nondo wengine wengi wa usiku. Ndiyo maana nauheshimu sana ufundi wa wanaoweza kumtaja kwa yakini, na nashikilia kuwa ufundi huo hauanzii mabawani. Unaanzia kwenye yai.

Jike hutaga mayai 100 hadi 200 kwa fungu, akayafunika kwa magamba ya tumbo lake hadi fungu likaonekana kama limeota ukungu. Kwenye joto huanguliwa baada ya siku 2 au 3. Kiwavi hukua kwa hatua 6, akijivua ngozi kila mara, kisha huingia udongoni sentimita chache na kuwa pupa. Kiwavi akishakomaa kidogo, alama zake husomeka: kichwani ana mistari myeupe yenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na kwenye pingili ya pili kutoka mwisho ana madoa 4 meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Mjuzi hatosheki na ile Y, kwani hata kiwavijeshi wa Afrika, mwenyeji wa siku nyingi, anaweza kuwa nayo. Humgeuza mdudu, akahesabu madoa. Uvumilivu huo mdogo, juu ya kiumbe ambaye wengi wangemkanyaga tu, ndio ninaousifu.

Yuko atakayesema mkulima hahitaji majina: kiwavi ni kiwavi, piga dawa. Hoja hiyo ingesimama kama wadudu hawa wangeishi namna moja. Kiwavijeshi wa Afrika akisongamana huwa mweusi, hutembea kwa makundi na kula nafaka na nyasi waziwazi. Huyu mvamizi, mwenye asili ya bara la Amerika na aliyeripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, akikua hujichimbia katikati ya mhindi, ndani ya majani machanga yaliyojiviringa, na kinyesi chake kama unga wa mbao huziba njia. Dawa inayopulizwa juu ni shida kumfikia. Lakini akitambuliwa angali yai, fungu zima hupondwa kwa vidole viwili.