Ushahidi wa Aliyeitwa Mwenda Wazimu

Aisifuye mvua imemnyea, walisema wahenga. Lakini yuko shahidi mmoja ambaye hata akiloa chapachapa haaminiwi, naye ni mtu aliyepata kuugua akili. Akisema kwamba alipigwa hospitalini, wasikilizaji hutazamana na kunong'ona kuwa ni maradhi yake yasemayo. Mtu kama huyo aaminiweje? Jibu moja limo katika kitabu cha Mmarekani Clifford Beers, A Mind That Found Itself, kilichotolewa mwaka 1908. Jina lake twaweza kulifasiri kuwa Akili Iliyojipata.

Beers alizaliwa mwaka 1876 katika mji wa New Haven, akahitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1897. Miaka mitatu baadaye akili yake iliugua, na tangu mwaka 1900 hadi 1903 alilazwa katika hospitali tatu. Humo alivishwa koti la kufunga mikono, likakazwa usiku kucha. Alipigwa, akakabwa koo na watumishi waliowekwa kumtunza. Akafungiwa katika chumba cha baridi bila nguo za kutosha.

Mwandishi mwenye haraka angalianza na mateso hayo ili atutoe machozi. Beers hakufanya hivyo. Kwanza autangaza wazimu wake mwenyewe bila kuficha. Asimulia jinsi alivyosadiki kwamba ndugu yake, kila alipokuja kumtazama, si ndugu bali mpelelezi aliyejigeuza sura. Mwaka 1902 alimwandikia barua, akamtaka aje nayo mkononi iwe hati ya kumtambulisha. Ndugu alipotokea na barua ile, shaka ya miaka miwili ilianguka kwa siku moja.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya kitabu. Mtu awezaye kutuonyesha mpaka baina ya njozi na kweli amekwisha kutunyima udhuru. Tufikapo penye kipigo, hatuna tena haki ya kusema kuwa aliota. Tena hawalaumu wote kwa kosa la baadhi. Waliomtendea wema awataja kwa shukrani, na kwa hiyo lawama yake ina uzito.

Kitabu hakikosi ila. Sehemu za mwisho, ambamo mwandishi apanga marekebisho ya hospitali, zina mahubiri mengi, na pumzi ya masimulizi hupungua. Hata hivyo maneno yake hayakupotea: mwaka 1909 ilianzishwa, kwa juhudi zake, kamati ya taifa ya kutetea afya ya akili nchini Marekani.

Msomaji kijana, usiufunge ukurasa kabla ya kujiuliza swali moja. Beers alikuwa na elimu ya chuo kikuu, na mwanafalsafa mashuhuri William James alimwandikia barua ya kukisifu kitabu, ikachapishwa ndani yake. Wagonjwa waliolala vyumba vya jirani naye hawakuwa na kalamu wala rafiki wa namna hiyo, lakini ngumi zilizowapiga zilikuwa zile zile. Ikiwa twamwamini Beers kwa sababu aliandika vizuri tu, hatujajifunza neno. Haki ya mtu kusikilizwa haitokani na ufasaha wake. Yatokana na utu wake.