Sura Bila Ardhi: Picha za Joy Adamson na Vita vya Mau Mau

Makala haya yanamhusu mchoraji ambaye wengi humkumbuka kwa sababu ya simba. Joy Adamson alizaliwa Troppau mwaka 1910, akafika Kenya mwaka 1937, na kabla ya kitabu chake Born Free (1960) kumpa umaarufu wa kimataifa alikuwa amekwisha kujulikana kwa michoro ya maua na ya watu. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuzunguka nchini na kuchora watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kabla mambo hayo hayajatoweka. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka sita. Mamia ya picha yalipatikana, mengi yakahifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi, na mwaka 1967 zikatoa kitabu cha The Peoples of Kenya.

Miaka hiyo sita inahitaji kutazamwa upya. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi Oktoba 1952, kwa hiyo karibu nusu ya kazi hii ilifanyika nchi ikiwa vitani. Adamson hakutumwa kuchora vita, wala hatudai kwamba alipaswa kuvichora. Tunachodai ni kwamba picha zake za sura haziwezi kuhakikiwa kikamilifu nje ya vita hivyo, na kwamba ushahidi wa dai hili umo katika fani yenyewe.

Tuanze na mandhari, au tuseme ukosefu wake. Katika picha nyingi mhusika amechorwa peke yake juu ya karatasi isiyo na kitu nyuma yake: hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna kilima. Shanga zimehesabiwa moja moja, ngozi ya vazi inaonekana ilivyoshonwa, lakini mtu huyo hakanyagi popote. Mtindo huu una asili yake. Adamson alikuwa ameolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea, na alikuwa amechora mimea kwa miaka mingi. Katika uchoraji wa aina hiyo ua hukatwa, likawekwa juu ya weupe ili kila sehemu yake itambulike. Kanuni iliyofaa ua ikahamishiwa kwa binadamu. Mzee akawa kielelezo cha kabila lake kama vile ua lilivyo kielelezo cha jamii ya mimea.

Msomaji anaweza kuuliza kuna ubaya gani katika hilo. Ubaya unaonekana mtu akizitazama picha hizi akiwa Dundori. Miinuko hii iliyo mashariki ya mji wa Nakuru ilikuwa ndani ya ardhi iliyotengewa walowezi wa Kizungu, na Wakikuyu walioilima waliishi humo kama maskwota, bila haki ya kumiliki hata mahali walipojenga. Vita vilihusu ardhi. Mchoro unaomwondoa mtu ardhini, hata kwa nia njema kabisa, unaondoa pia lile jambo alilokuwa akiligombea.

Aidha, picha za Adamson hazikuwa picha pekee ambazo serikali ilizihitaji. Mwaka 1953 Wakikuyu waliofanya kazi katika Bonde la Ufa walitakiwa wapigwe picha za vitambulisho vipya. Wengi walikataa; maelfu walifukuzwa au waliondoka wenyewe kwenda katika hifadhi za Kati ambako baadhi yao hawakuwa na ndugu wala kiunga. Serikali moja, miaka ileile, ilitafuta sura ya Mwafrika kwa njia mbili: kwa brashi ili imhifadhi, na kwa kamera ili imdhibiti. Kulikuwa na sura ya tatu pia, ya gakunia, yule mtoa habari aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho na kuwanyooshea wenzake kidole. Huyo hakuna aliyemtaka akae achorwe.

Hata hivyo tusimnyime msanii haki yake. Adamson alikuwa na jicho kali, na zipo sura, hasa za wazee, ambazo zimeishinda kazi iliyozileta: uchovu na dharau kidogo machoni vinatushika kabla hatujafika kwenye hereni. Na anayetafuta leo namna pambo fulani lilivyovaliwa atamshukuru.

Kwa kulinganisha, tutazame michoro ya ukutani ya Elimo Njau, mwenyeji wa Marangu na mwanafunzi wa Makerere, aliyoichora mwaka 1959 katika kanisa la Murang'a. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa katika vita hivyo, basi nalo lina upande wake. Lakini Kristo wa Njau ni Mwafrika, na amewekwa katikati ya vilima na migomba ya Kikuyu. Ardhi imerudi nyuma ya mtu. Riwaya ya P. M. Kareithi, Kaburi Bila Msalaba (1969), inaweza kusomwa sambamba na kuta hizo, na wanafunzi wetu wa uzamili wangefanya vyema kuijaribu kazi hiyo.

Kuhusu picha za Adamson, pendekezo letu ni dogo. Kila zinapoonyeshwa, mwaka wa kuchorwa uandikwe kwa herufi zilezile kubwa zinazoandikwa jina la kabila.