Gogo Nyuma ya Tairi

Basi la kutoka Shinyanga kwenda Dar es Salaam likishavuka mbuga ya Wembere na kuiacha Shelui, abiria wazoefu hupunguza maneno. Mbele ni mlima Sekenke. Dereva anashusha gia, injini inabadili mlio, na mtu aliyekuwa amesinzia anaamka bila kuguswa. Mimi nimeupanda mlima huu tangu nikiwa napakatwa, enzi za vumbi na makorongo, na aliyenikaa kichwani hakuwa dereva hata mmoja. Ni utingo wa lori. Lori likizidiwa na mzigo, yeye aliruka chini kabla halijasimama, gogo mkononi, akakimbia kulisukumiza nyuma ya tairi. Lori likipata nguvu ya hatua mbili, naye akalisogeza gogo hatua mbili. Hivyo hivyo, jua likimchoma kisogo, mpaka Misigiri juu. Sisi watoto tulimpungia mkono dereva.

Utingo yule hunijia kila ninapoifikiria kazi ya kuongoza na kutayarisha filamu, kazi ambayo katika nchi yetu imebebwa kwa sehemu kubwa na watu walioanza kama waigizaji. Na nikiifikiria kazi hiyo, wa kwanza kunijia ni Steven Kanumba. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, halafu maisha yakamshusha Dar es Salaam. Mwaka 2002 alijiunga na Kaole, kundi ambalo michezo yake katika runinga ya ITV ilizikusanya kaya nzima jioni, wenye runinga na majirani wasio nayo. Watu walimfahamu kwa sura kwanza, jina likafuata. Mwaka 2006 ikatoka filamu ya Dar 2 Lagos, akiwa pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria, na kijana wa Shinyanga akawa nyota.

Kwetu Sekenke tulimwona katika kibanda umiza, banda la kuonyeshea video. Mabenchi ya mbao, pazia la turubai, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta wa fito. Wachimbaji wa dhahabu walikuja moja kwa moja kutoka kwenye maduara, udongo bado umewaganda kwenye magoti, wakakaa kimya kama wako ibadani. Nakumbuka mzee mmoja wa Kinyiramba aliyekuwa na tabia ya kumwonya Kanumba kwa sauti: "Mwanangu, huyo mwanamke atakuponza!" Hakuna aliyemcheka. Sote tulikuwa tunataka kumwonya.

Nyota wa namna hiyo angeweza kuishia hapo, akauza sura yake mpaka iishe. Kanumba alifungua kampuni, Kanumba The Great Film, akaanza kubeba filamu nzima badala ya nafasi moja ndani yake. Hapo ndipo ufundi ninaotaka kuusifu unapoanzia.

Mwigizaji huiona sini kutoka ndani. Anajua hasira yake inaanzia tumboni au kifuani, anajua lini machozi yatamjia na lini yatamgomea. Akishika uongozaji, inambidi atoke nje ya ngozi yake akaiangalie sini kwa macho ya mtu asiyekuwemo. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Msiba unaweza kupigwa asubuhi na harusi iliyoutangulia ikapigwa alasiri, kwa sababu mwenye nyumba ametoa siku moja tu. Mwongozaji ndiye anayepaswa kukumbuka kwamba bi harusi huyu hajalia bado, kwamba kitenge cha shangazi kilikuwa kimefungwa kushoto, kwamba yule kaka alikuwa na plasta kwenye kidole. Amebeba kichwani hadithi iliyonyooka huku mbele yake kuna vipande vilivyovurugika. Na mwigizaji akimuuliza, "Hapa nimekasirika kiasi gani?" lazima awe na jibu, na jibu hilo liwe katika lugha ambayo mwigizaji anaweza kuitumia. Aliyewahi kusimama mbele ya kamera hasemi "kasirika zaidi." Anasema, "Usimtazame. Endelea kukunja hilo shati." Hasira inakuja yenyewe.

Kilichonigusa zaidi katika filamu za Kanumba za mwaka 2010, Uncle JJ na This Is It, ni watoto. Kumwigizisha mtoto ni mtihani ambao waongozaji wengi huukwepa. Mtoto anachoka, anatazama kamera, analisema neno kama aliyelikariri darasani. Ili aonekane mtoto kweli, mkubwa aliye naye mbele ya kamera hana budi kunywea, apunguze sauti, ampishe. Kanumba alikuwa nyota mkubwa kuliko wote waliokuwa kwenye sini hizo, na aliwapisha. Kule kibandani watu walitoka wakiwazungumzia wale watoto, na mimi kwangu huo ndio ushahidi kwamba mwigizaji amevuka akawa mwongozaji.

Utayarishaji ndio gogo lenyewe. Ni nauli, chai na maandazi ya watu thelathini, nyumba ya kuazima, kibali kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976. Ni mvua isiyoandikwa kwenye skripti. Enzi za kanda na diski, ni msambazaji wa Kariakoo aliyetaka kava liwe na sura fulani au hachukui mzigo. Ni nakala bandia zilizofika Igunga kabla ya halali. Stika za kodi kwenye kanda na diski zilianza kutumika mwaka 2013, na mpaka hapo jasho jingi lilikuwa limekwishaibwa. Kila mmoja wa walioanzisha kampuni zao, Vincent Kigosi na Blandina Chagula waliounganisha herufi za majina yao ya usanii, Ray na Johari, wakapata RJ, au Jacob Steven aliyeanzisha Jerusalem, alijua kwamba filamu ikisita mlimani hakuna wa kumlaumu. Mwigizaji Single Mtambalike alipoitwa jukwaani Lagos mwaka 2016 kupokea tuzo ya filamu ya AMVCA kwa filamu yake, Kitendawili, niliuona mkono ulioshika tuzo, nikawaza ni mara ngapi mkono huo ulikuwa umeshika gogo.

Lakini tusidhani njia hii ilianzia Kaole. Profesa Amandina Lihamba aliigiza katika Arusi ya Mariamu, filamu ya mwaka 1985, na alikuwa tayari mwandishi wa tamthilia na mwongozaji wa jukwaa. Katika Maangamizi ya mwaka 2001 alikuwa Samehe, mwanamke aliyefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Tazama uso wake katika filamu ile. Hana sentensi ya kujificha nyuma yake, na bado unamsikia. Basi mama huyo huyo, pamoja na Profesa Penina Mlama, mwaka 1996 alikuwa ameanzisha mradi ambamo wasichana wa sekondari waliyachambua matatizo yao wenyewe, wakayatungia michezo na kuyacheza mbele ya walimu na wazazi. Jina la mradi lilikuwa Tuseme. Mwigizaji aliyeweza kuubeba ukimya namna ile ndiye aliyetumia miaka yake kuwafungua wengine midomo. Tunapozungumzia uongozi katika sanaa huwa tunafikiria kiti, muhuri na mkutano mkuu wa shirikisho. Mimi namfikiria msichana wa kidato cha pili anayesimama mara ya kwanza kusema jambo lililomkaba.

Nikirudi kwenye mlima wetu, Sekenke ina dhahabu, na dhahabu yake imewahi kusafiri. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita na kukatiwa njia za bahari, waliipeleka Tabora, na katika karakana ya reli ikageuzwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja umechorwa tembo mbele ya mlima, upande wa pili tai. Watu wa nje huzinunua leo kwa fedha nyingi mno. Sijawahi kuishika hata moja, nimeiona picha tu, na niliiangalia muda mrefu nikiwatafuta waliochimba, waliosaga, waliowasha tanuri, waliogonga mhuri. Kuna tembo, mlima na tai.

Kanumba alifariki Dar es Salaam usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Akazikwa Kinondoni na umati uliozijaza barabara. Kwetu kibanda kilionyesha filamu zake siku tatu bila kiingilio. Mwenye kibanda alinunua mafuta ya jenereta kwa fedha yake, na yule mzee wa Kinyiramba alikuja siku zote tatu, hakumwonya mtu.

Mwezi uliopita nilishuka Sekenke kumsalimia shangazi. Jioni, karibu na karasha la kusaga mawe, nilikuta vijana watano wanarekodi mchezo kwa simu. Binti mmoja, ambaye shangazi aliniambia ndiye "star" wao, siku hiyo hakuwa anaigiza. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, kanga imefungwa kiunoni. Alimfuata mwenye karasha, akamwamkia, akamwomba azime injini kidogo. Yule baba akamuuliza kwa nini azime kazi yake. "Shikamoo tena, baba," binti akasema, "dakika tano tu. Huyu kaka anaongea polepole, na nikikosa sauti yake sina kitu."

Baba akazima. Kukawa kimya, upepo tu na lori moja mbali linapanda mlima. Binti akapiga goti kwenye kifusi, akainua simu, akamtazama kijana aliyekuwa akitetemeka mbele yake.

"Usiogope," akamwambia. "Nipo hapa. Anza unapoweza."